Taa ya saluni imeniachia chapa usoni, na harusi ni wiki sita zijazo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38, nauza khanga na vitenge hapa Ngamiani, Tanga. Nakusoma siku zote, ila sikudhani kuna siku nami nitakuandikia, tena habari za uso.

Nilipojifungua huyu wa mwisho, ambaye sasa ana miaka minne, nilibaki na mabaka mashavuni na juu ya mdomo. Si chunusi, si vidonda, ni weusi tu uliotandaa, shavu la kulia na la kushoto kama yaliyopimwa kwa rula. Mama aliniambia ni ya ujauzito, yataondoka yenyewe. Hayakuondoka. Kaskazi ikiingia na jua likawaka ndiyo yanakolea, zikija mvua za masika yanafifia kidogo, basi tunaishi hivyo.

Nilijaribu krimu moja ya kopo niliyouziwa dukani, haina hata boksi. Mwezi wa kwanza uso uling'aa, wateja wakaniuliza siri. Mwezi wa tatu mabaka yakarudi meusi kuliko mwanzo, nikaitupa chini ya kitanda.

Mwaka huu shoga yangu akanipeleka saluni moja (siitaji jina) kwa dada mwenye mashine ya mwanga. Bei shilingi 250,000 kwa mara tatu, unalipa zote siku ya kwanza. Zamu yangu ya mchezo ilikuwa imefika, nikatoa humo. Baba watoto mpaka leo anajua zile hela niliongezea mzigo wa dukani.

Mara ya kwanza alinipaka jeli ya baridi, akaniwekea pamba machoni, akaanza kunigonga na kichwa cha mashine. Hata ukifumba macho mwanga unauona, na maumivu yake ni kama mtu anayekuchapa kwa mpira wa kufungia hela. Siku ya tatu yale mabaka yakawa kama yamenyunyiziwa unga wa kahawa, baada ya wiki yakapukutika. Nilijiona nimepona, Shangazi. Nilitembea bila mtandio.

Mara ya pili akasema, "Ngozi yako imeshazoea, leo tunaongeza." Nikasikia moto, na nikasikia harufu ya nywele zinazoungua. Nikamwambia mbona unaniunguza, akanijibu ukisikia moto ujue inafanya kazi. Usiku uso ukavimba, asubuhi malengelenge. Nilipompigia simu akaniambia nipake dawa ya meno. Nikapaka. Maganda yalipokauka niliyabandua mwenyewe kwa kucha, kwa sababu yalikuwa yanawasha na dukani kila mtu ananikodolea macho.

Hii ni wiki ya nne. Nina alama nne za mstatili, mbili kila shavu, upana wa vidole viwili, kama nimebandikwa ncha ya pasi. Tatu ni nyeusi tii. Ya nne, karibu na sikio la kushoto, imekuwa nyeupe katikati na nyeusi pembeni.

Yule dada anasema nirudi ile mara ya tatu "tumalizie", atazifuta kwa mwanga ule ule. Jirani yangu anasema niache mambo ya mashine, nipake liwa na ndimu. Mdogo wangu anaolewa wiki sita zijazo na mimi ndiye dada mkubwa, picha zote nimo. Nirudi? Zitafutika? Na baba watoto nimwambieje?

Mama Watatu, Ngamiani

*

Marahaba mwanangu, pole sana.

Swali lako la kwanza nalijibu kabla sijakaa vizuri: usirudi. Hata kama hela umeshalipa, hata kama atakuapia kwamba safari hii atapunguza. Ngozi iliyoungua kwa mwanga haifutwi kwa mwanga, na mtu aliyekuambia kwamba ngozi huzoea moto hajui alichokishika mkononi.

Nikueleze mashine yenyewe, maana wengi wanaiita leza na siyo leza. Kwa jinsi ulivyoieleza hii ni ile inayojulikana kwa herufi IPL. Leza hutoa mwanga wa aina moja. Hii hutoa mchanganyiko wa miali, takriban nanomita 500 hadi 1,200 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), kwa mapigo mafupi sana. Mwanga ule hautafuti doa. Unatafuta weusi, yaani melanini, unanyonywa hapo na kugeuka joto. Sasa anika baibui lako jeusi na kanzu nyeupe ya mumeo kwenye kamba moja saa saba mchana, kisha uzishike zote mbili. Mtu mweupe mwenye doa la kahawia ni kanzu yenye tone la wino: joto linaishia kwenye tone. Wewe na mimi ni baibui zima. Doa linanyonya mwanga na ngozi iliyolizunguka inanyonya pia, na ukiongeza nguvu umeipika ngozi yote iliyokuwa chini ya kioo. Ndiyo maana alama zako ni za mstatili. Ni umbo la kioo cha kichwa cha mashine, hakuna ugonjwa wa ngozi unaochora pembe nne.

Mwaka 1975 daktari mmoja wa ngozi wa Marekani, Thomas Fitzpatrick, aligawa ngozi za watu kufuatana na zinavyoungua juani. Alianza na aina nne, zote za watu weupe. Ya tano na ya sita, ambazo ndizo sisi, ziliongezwa baadaye. Ukiangalia vipimo vya mashine nyingi utakuta vinafuata ngazi hiyo, na kwa aina yetu wataalamu huikwepa IPL. Mtu anayejua kazi angekuuliza maswali nusu saa kabla ya kuwasha swichi, angejaribu kipande kidogo nyuma ya sikio, kisha angesubiri wiki kadhaa aone. Wewe ulijaribiwa shavuni.

Lile la unga wa kahawa nalo lilikuponza. Ni kweli hutokea: weusi wa juu huungua, hupanda, hupukutika, na mtu huamini amepona. Lakini mabaka ya aina yako, yanayokaa mashavu yote mawili na juu ya mdomo, hayatokani na uchafu uliogandia juu. Yanatokana na seli zinazotengeneza weusi ambazo zimechokozwa na homoni, jua na joto, pamoja na urithi wa ukoo. Ukiziunguza zinajibu kwa kutengeneza zaidi. Nimewaona wengi nilipokuwa muuguzi, wanatoka saluni weupe, baada ya miezi miwili wanarudi kliniki na mabaka mapana kuliko yale ya kwanza. Pasi au taa, seli hazibagui.

Zitafutika? Zile tatu nyeusi, nina matumaini nazo. Ni weusi unaoachwa na kuungua, na ukiwa tabaka la juu huchukua miezi sita, mwaka, hivi. Ukiwa umeshuka chini, utaona unaelekea rangi ya majivu au kibuluu, na huo huchukua muda zaidi, pengine miaka. Ile nyeupe sikupi ahadi. Hapo joto limewagusa mafundi wenyewe wa rangi. Mara nyingine hurudi taratibu kutoka pembeni na kwenye vinyweleo, vitone vitone kama dengu, kwa miezi. Mara nyingine hawarudi. Daktari ndiye wa kuitazama, na usijaribu kuipaka kitu cha kuilazimisha.

(Wengine mnaosoma: ukiwa na baka jeupe au jekundu ambalo hujui limetoka wapi, kabla ya saluni lishike kwanza. Kama ukiligusa na pamba husikii, nenda hospitali. Ukoma bado upo nchini, dawa yake ni bure, na hakuna taa inayoutibu.)

Sasa hivi unafanya nini. Uso unaoshwa kwa maji ya kawaida na sabuni laini, kwa viganja, bila dodoki wala taulo la kusugulia. Pakiwa na sehemu ambayo bado mbichi au inayochubuka, paka mafuta mazito ya Vaseline, tabaka jembamba, asubuhi na jioni, mpaka ngozi ifunge. Dawa ya meno ni ya meno. Ganda hukupaswa kulibandua, limekwenda na ngozi changa chini yake, na hiyo ni sababu moja ya weusi kukolea hivyo. Limeshapita, ila likitokea jingine liache lianguke.

Siku ileile ulipoungua ilitakiwa maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, basi. Naliandika kwa ajili ya atakayeungua kesho.

Jirani yako mpe salamu zangu, lakini ndimu hapana. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi na jua likakukuta, ngozi huungua yenyewe na kuacha michirizi myeusi. Waulize wanaokamua ndimu za achari nje uani, mikono yao itakueleza. Liwa ni jambo jingine, liwa naipenda mimi, mpaka leo msio wa bibi yangu ninao. Ila liwa husuguliwa, na ikikauka huvuta, na ngozi yako haitaki kusuguliwa wala kuvutwa. Wakati wa singo wakusinge mikono na miguu, uso waambie wauache.

Jua ndilo kazi kubwa. Tanga ipo nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, hatuna mwezi wa kupumzika, na wewe mwenyewe umeona kaskazi inavyokufanya. Tafuta losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, ipimie mistari miwili iliyojaa, mmoja juu ya kidole cha shahada na mmoja juu ya cha kati, hiyo ni ya uso na shingo. Wanawake wengi wanapaka tone la dengu kisha wanasema haifanyi kazi. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Pale dukani, kama meza yako inapigwa na jua la asubuhi, hamisha meza kabla hujanunua losheni. Mwavuli usione haya, wala kofia pana ya ukili.

Kuna jambo ambalo hata wauzaji wa madawa wengi hawalisemi. Kwa ngozi nyeusi si miali ya jua isiyoonekana tu inayokoleza mabaka, hata ule mwanga tunaouona kwa macho hukoleza. Losheni nyeupe inayopotea usoni haiuzuii. Inayouzuia ni rangi, hasa ile inayotokana na chuma, ya udongo mwekundu na manjano. Geuza boksi la losheni yenye rangi au la faundesheni, utafute namba CI 77491, 77492 na 77499. Ukiziona, hiyo ina oksidi ya chuma. Kwa hiyo harusi usiiogope: ngozi ikishafunga kabisa, isiyo na kidonda wala ubichi, unaruhusiwa kupaka faundesheni inayofanana na rangi yako juu ya losheni, na itakuwa inakukinga huku inaficha. Mpambaji asikupake kitu kipya siku ya harusi. Ajaribu wiki mbili kabla, nyuma ya taya, na brashi yake aioshe. Usiku itolewe kwa mafuta na maji, taratibu, hata kama ngoma imekwisha saa tisa.

Kilisun utaisikia ikitajwa, ile losheni inayotengenezwa Moshi, hospitali ya KCMC. Ni nzuri, lakini imetengenezwa kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao jua ni saratani. Usitafute mtu wa kukupitishia kopo lao.

Kuna vitu hukuniambia. Unatumia njia gani ya uzazi? Mabaka ya ujauzito yakikaa miaka minne bila kupungua, mimi huuliza kwanza vidonge vya majira na sindano, maana homoni zile huweza kuyalisha. Usiache mwenyewe ukaniletea mtoto wa nne kwenye barua ijayo. Zungumza na mhudumu wa uzazi wa mpango kuhusu njia isiyo na homoni. Na je, wakati ule ulikuwa unameza dawa yoyote? Doksisaiklini, ambayo hapa kwetu watu wanaimeza kwa kila kitu, huifanya ngozi iungue upesi kwenye mwanga. Nina hakika hukuulizwa.

Na lile kopo la chini ya kitanda ndilo linalonikosesha usingizi. Krimu isiyo na boksi inayong'arisha mwezi mmoja kisha ikageuka, mara nyingi ina kimoja kati ya vitatu. Zebaki, inayoingia mwilini na kudhuru figo. Haidrokwinoni isiyopimwa, ambayo ikitumika muda mrefu huweza kuleta weusi wa kibuluu usiotoka. Au steroidi kali, inayoikondesha ngozi ikawa kama karatasi ya sambusa. Ukichukua ngozi iliyokondeshwa ukaipiga taa, malengelenge ni ya kutarajia. Mkorogo na mashine vimesaidiana hapo, usimlaumu mmoja tu.

Nenda hospitali ya Bombo, usiende kama mtu wa urembo, nenda kama mgonjwa aliyeungua. Omba kuonwa na anayeshughulikia ngozi, au akuandikie rufaa. Kule Moshi, KCMC, kuna kituo cha kufundishia madaktari wa ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, kwa basi la asubuhi kupitia Segera na Korogwe unafika mchana. Daktari anaweza kukupa dawa ya kupaka, kama asidi ya azelaiki, au haidrokwinoni hiyo hiyo lakini kwa kipimo, kwa miezi michache, akikuangalia. Dawa za jamii ya vitamini A za kupaka ni nzuri ila si kwa mwenye mimba, mwambie ukweli. Atakayekutajia leza ya mawimbi marefu, nanomita 1,064, hajakudanganya, kwa ngozi nyeusi ni salama zaidi kuliko ile taa. Lakini si mwaka huu kwa uso wako, na hata hiyo mabaka ya aina yako hurudi baada yake.

Usisubiri miadi ukiona usaha, homa, maumivu yanayoongezeka, au alama inayonyanyuka na kuwa ngumu kama mpira, hilo ni kovu la kuvimba na likiwahiwa hutibika vizuri zaidi. Macho nayo. Ulisema aliweka pamba. Pamba haizuii mwanga ule, inatakiwa miwani maalumu au vifuniko vya chuma, kwa sababu rangi ya jicho nayo ni melanini. Kama tangu siku ile mwanga unakuchoma macho au unaona ukungu, mwone daktari wa macho leo.

Hela. Huduma mbili amekupa, ya tatu hakukupa, arudishe sehemu yake. Nenda na mtu mzima mwingine, mwonyesheni ujumbe wa malipo kwenye simu na picha za uso, msigombane. Akikataa, ofisi ya mganga mkuu wa jiji ipo, na vifaa tiba nchini vinasimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Nataka uende hata akirudisha, kwa sababu wiki hii kuna mtu mwingine amelazwa pale na pamba machoni.

Baba watoto ana macho, mwanangu. Mistatili minne kaiona muda mrefu, anangoja wewe useme. Mweleze jioni akiwa ameshakula, yote kwa pamoja, ya uso na ya mchezo, kabla hajaambiwa na mwenye saluni au na shoga yako. Atanuna siku mbili. Nauli ya Moshi bado utamwomba yeye.

Kuanzia kesho jipige picha kila Jumatatu, dirisha lile lile, saa ile ile, bila poda, maana kwenye kioo cha kila siku hutaona mabadiliko na utakata tamaa ukarudi kule kule. Na ukienda Bombo toa lile kopo chini ya kitanda, lifunge kwenye mfuko, uende nalo. Daktari atalitaka.

Shangazi